HISTORIA: Vile Vitundu vya Juu ya Bodi la Pikapu Unajua Kazi Yake? Vipo Tangu 1925

Siku ukikutana na pikapu ya zamani ya Kimarekani, zile Ford na Chevrolet ambazo watu wakiziona lazima wapige picha, usiishie kuangalia sura ya mbele. Zunguka nyuma. Angalia kuta za bodi la mzigo. Utaona vitundu vya mraba vyenye kina, juu ya ukuta au ubavuni, viwili au zaidi kila upande. Wengi wanadhani ni urembo. Wengine wanasema ni vya kupitishia maji ya mvua. Kumbe ndipo miguu ya keria inapochomekwa, na pikapu ya kwanza ya kiwandani ilizaliwa navyo.

Tuanzie kabla hata ya pikapu yenyewe. Ford Model T ilitoka 1908 kama gari la abiria. Wakulima wa Marekani walilipenda kwa bei yake, ila shida ikawa moja: mkulima ana abiria wachache, mizigo kibao. Basi kilichofanyika ni hiki. Mtu ananunua gari zima, anakwenda kwa seremala wa kijijini, wanaondoa sehemu ya nyuma, wanaweka sanduku la mbao. Maseremala hao ndio walewale waliokuwa wakitengeneza mikokoteni ya farasi, kwa hiyo kazi waliijua vizuri. Kwenye mkokoteni nguzo za pembeni zilikuwa za kuchomeka na kuchomoa, na wao wakahamishia ujuzi uleule kwenye gari. Majina yao huyakuti popote. Hakuna aliyeandika, na pengine hata wao hawakuona kama kuna jambo la kuandika.

Mwaka 1917 Ford wakatoa Model TT, gari la kubeba tani moja. Hapo ukitoa hela unapewa injini, chasisi na magurudumu. Bodi utajijua mwenyewe! Yaani kiwanda kilikuwa bado kinamwachia fundi wa mtaani nusu ya kazi.

Halafu ikaja Aprili 1925. Ford wakatangaza Model T ya watu wawili yenye sanduku la mzigo lililotoka nalo kiwandani, bei dola 281. Sanduku lenyewe usitegemee makubwa: urefu chini kidogo ya mita moja na nusu, upana kama mita moja, na kuta zake kimo cha sentimita 33 tu, sawa na rula ya shule iliyosimamishwa. Mlango wa nyuma unashuka, springi za nyuma zimeongezewa nguvu, na kwenye kuta kuna mifuko minne ya chuma ya kuchomekea nguzo. Mwaka huo ziliuzwa zaidi ya 33,000.

Sasa hiyo mifuko minne ndiyo habari yenyewe. Kiwanda kilishaona kwamba kuta za sentimita 33 hazitoshi. Nyasi kavu za ng'ombe ni nyepesi ila zinapanda juu kama mlima. Matenga ya kuku ni hivyohivyo, na ukihama nyumba viti na magodoro havijali kimo cha ukuta. Wangeweza kuinua kuta ziwe ndefu moja kwa moja, lakini gari lingekuwa zito, ghali, na kupakia gunia kungekuwa adhabu maana lazima ulinyanyue hadi kifuani. Wakaacha matundu, basi. Anayetaka kuta ndefu achomeke nguzo nne, agongelee mbao nyembamba za kulala, keria tayari. Akimaliza anaing'oa na kuiegesha ukutani mwa banda.

Kwa familia yenye gari moja hilo halikuwa jambo dogo. Jumamosi gari linabeba ndama kwenda mnadani, Jumapili linaoshwa, keria inabaki nyumbani, watu wanakwenda kanisani na gari linaloonekana la heshima. Ingekuwa ya kuchomelea, wangefika kanisani na zizi.

Pikapu nyingi za Kimarekani zilizofuata ziliendelea na mtindo huo, na kwenye nyingi tundu linakaribiana na mbao ya mbili kwa nne, mbao ambayo ukienda duka lolote la mbao huikosi. Huna haja ya kuagiza kitu kiwandani. Unanunua mbao, unaichonga mwisho kidogo ikae vizuri, unachomeka.

Miaka ya 1930 keria hizo za mbao zilibeba kitu kizito kuliko ndama. Uchumi ulianguka, ukame na vumbi vikaharibu mashamba ya Oklahoma na majimbo ya jirani, na maelfu ya familia wakaondoka kuelekea California kutafuta vibarua. Picha za wakati ule zipo nyingi. Unaona gari bovu, mbao pembeni, na juu yake vitanda, ndoo, majiko, watoto. Nyumba nzima imeshikiliwa na vipande vichache vya mbao na kamba. Watu walio kwenye picha hizo wengi hawatajwi majina.

Ulaya nao walikuwa na namna yao. Land Rover ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa na paa la turubai juu ya matao ya chuma ya kuchomoa. Volkswagen walipotoa pikapu yao 1952, kuta za pande tatu zote zilishuka, na turubai na matao yake vilipatikana. Peugeot nao pikapu zao za turubai zilisambaa Afrika Magharibi hadi watu wakaita taksi za aina hiyo *bâchée*, neno la Kifaransa la kitu kilichofunikwa turubai.

Na hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia, kwa sababu huku fremu ya kuchomoa iliishia kubeba watu. Nairobi magari ya watu binafsi yalikuwa yakipakia abiria kinyemela hadi 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu yafanye kazi bila leseni ya usafirishaji. Matatu nyingi za enzi hizo zilikuwa pikapu zilizofungwa paa na mabenchi mawili. Dar es Salaam mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa 1983, na wakubwa wa mjini wanazikumbuka chai maharage, gari dogo la mzigo lenye mabenchi, abiria wanatazamana kama wako mgahawani wanasubiri vikombe. Zanzibar mpaka leo utaziona daladala zenye bodi la mbao, pembeni wazi, mizigo juu ya paa.

Mafundi waliofanya kazi ile walikuwa vichwa, hilo halina ubishi. Ila ukweli usemwe. Nguzo iliyobuniwa kuzuia nyasi zisidondoke haikubuniwa kuzuia paa lisimponde mtu gari likipinduka. Na mzigo ukikaa juu, gari linakuwa jepesi kupinduka kwenye kona. Gunia likirushwa nje unarudi kuliokota. Abiria aliyekaa kwenye benchi la mbao bila mkanda je?

Kingine kilichobadilika ni gari lenyewe. Pikapu ndogo za Kijapani zilizojaa barabarani kuanzia miaka ya 1970, Datsun na Toyota Hilux, nyingi hazikuwa na ile mifuko. Zilikuwa na ndoano ndogo za kufungia kamba kwa nje ya bodi. Sasa fundi anataka keria na hakuna pa kuchomeka, unategemea afanye nini? Anachukua mashine anachomelea. Ndiyo maana keria nyingi za mitaani ni za moja kwa moja, na pikapu nyingi za zamani zimeoza kuanzia palepale moto ulipopita. Rangi iliungua, maji yakaingia, kutu ikafanya yake.

Kwa hiyo kijana aliyeachiwa pikapu ya babu na anataka keria, historia yote hii inamgusa mfukoni. Bodi lisilotobolewa wala kuchomelewa ndilo wapenzi wa magari ya zamani wanalitafuta kwa tochi. Kama mifuko ipo, kazi ni nyepesi: nguzo nne za mbao ngumu au bomba la mraba, kipande cha raba kati ya nguzo na bati ili rangi isichubuke, mbao za kulala pembeni, na moja ya kukata mshazari kila upande, maana bila hiyo keria inayumba kama kiti kibovu. Chini ya mfuko ipite pini au bolti. Hii pini ndiyo watu wanairuka, halafu keria inaruka kwenye tuta la kwanza. Kama mifuko haipo, yapo makucha ya kubana ukuta wa bodi kwa nati bila kutoboa chochote, ila nati zake zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, zinalegea.

Na uzito upigiwe hesabu. Pikapu nyingi za zamani ziliitwa za nusu tani, yaani kama kilo 500 kwenye bodi. Keria ya chuma ikiwa na kilo 80, hizo zinatoka kwenye kilo zako za mzigo, na springi zenyewe zina umri wa babu. Mbao ni nyepesi zaidi, ndiyo maana wale wazee hawakuhangaika na chuma.

Pikapu kubwa za Kimarekani zinazotoka kiwandani leo, za kioo kikubwa na viti vya ngozi, nyingi bado zina vile vitundu juu ya kuta. Wenye nazo wengi hawajawahi kuchomeka kitu. Kuna hadi vifuniko vya plastiki vinavyouzwa kwa ajili ya kuviziba.