Mti Usiochumwa

Ukipanda matatu Kericho mjini uelekee Litein, halafu uendelee hadi Sotik na Bomet, utaona kijani mpaka macho yachoke. Lakini hebu angalia tena. Karibu kila mmea uko kazini. Majani chai yanachumwa. Mikaratusi inangoja kukatwa iwe kuni za kukaushia hayo majani. Migrevilea inazuia upepo, kesho itakuwa mbao. Hata kayaba ya kando ya boma ina kazi ya kuzuia ng'ombe wasitoke. Mti uliopandwa kwa sababu tu mtu alipenda maua yake, huo utautafuta sana.

Mimi huwa nautafuta, na ninaoutafuta zaidi ni magnolia. Ni mti wenye majani mazito yanayong'aa na maua meupe makubwa kama bakuli. Afrika haikuwa nayo kiasili. Kwao ni Asia na Amerika. Ni jamii ya kale mno, iliyochanua kabla nyuki hawajakuwepo, ndiyo maana hadi leo maua yake yameumbwa kuwafaa mbawakawa. Jina lake linatokana na Pierre Magnol, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1715.

Kinachonishangaza ni hiki: magnolia inataka karibu kila kitu kinachotakiwa na chai. Udongo wenye asidi, mvua ya kutosha, maji yasiyotuama, hewa isiyo na joto kali. Kericho iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alasiri ni jambo la kawaida kama chai ya saa kumi. Na mchai wenyewe ni mti, tena wa ukoo wa kamelia, wenye maua madogo meupe. Ukiachwa bila kukatwa unaweza kupita mita 10. Tumezoea kuuona ukiwa kiunoni kwa sababu haujawahi kuachwa. Sasa, mbona mmoja umejaa kila kilima na mwingine ni wa kutafutwa kwa tochi? Mimi jibu nimelipata kwenye hati za ardhi.

Twende pole pole. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoifanya ardhi kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Ile ya 1915 ikaongeza muda wa kukodisha kwa walowezi kutoka miaka 99 hadi 999. Yaani mtu angeweza kupanda mti akijua kwamba kitukuu cha kitukuu chake kitaketi chini yake. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia Kericho, na vilima vya Wakipsigis vikageuka kuwa mashamba makubwa ya chai.

Halafu ukaja mwaka 1934. Mwaka huo mambo mawili yalitokea, na sijawahi kuyasoma kwenye ukurasa mmoja. La kwanza, kilitoka kitabu kiitwacho Gardening in East Africa, kilichohaririwa na A. J. Jex-Blake, cha kuwaelekeza walowezi namna ya kutunza bustani katika nchi hii. La pili, serikali ilipitisha sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wanaoitwa orkoik. Sheria hiyo hata jina lao haikulijua vizuri. Iliwaita "laibon", neno la Wamaasai. Watu wapatao 700 walihamishwa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, sehemu iliyojaa mbung'o na malaria. Mmoja anafundishwa jinsi ya kupanda maua, mwingine anang'olewa na mizizi yake. Mwaka ni huo huo, serikali ni hiyo hiyo.

Bustani zilizotokea zilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Meneja alikuwa na bangalo, nyasi zilizokatwa kama zulia, mawaridi, miti ya kutoka kila bara. Ukienda Chagaik, kilomita chache mashariki ya Kericho mjini, utakuta bustani ya miti iliyoanzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili na mkulima wa chai aliyeitwa Tom Grumbley. Miti ya nchi za mbali inashuka mteremko hadi kwenye bwawa. Ni mahali pa kwenda na mtu unayempenda. Lakini ukiwa pale, kumbuka kuna mikono iliyochimba yale mashimo.

Mikono ya babu yangu ilikuwa miongoni mwa ile iliyochimba kwingine, katika shamba moja la kampuni. Kugo, kama tunavyomwita babu kwetu, alianza kama mchumaji, baadaye akapelekwa kwenye bangalo. Huko aliitwa shamba boi hata alipokuwa na mvi. Alijua mti gani unataka samadi na upi unaichukia. Jioni alirudi kwenye laini, kwenye chumba cha kampuni, ambako bustani yake ilikuwa sukuma kidogo mlangoni na maua ndani ya mikebe ya Kimbo. Niliwahi kumuuliza kwa nini maua yalikaa kwenye mikebe na udongo ulikuwa tele. Akanijibu, "Mkebe unabebeka." Chumba kilikuwa chako ukiwa na kazi. Kazi ikiisha, unafunga virago. Nani atapanda magnolia inayongoja miaka kumi hapo?

Na asikwambie mtu kwamba Wakipsigis hawakujua kupamba boma. Mbele ya nyumba palikuwa na mabwaita, madhabahu ya familia iliyosimamishwa kwa matawi ya miti maalumu. Sinendet, mmea unaotambaa, ulivishwa washindi na watu wa heshima, na hadi leo utawaona wanariadha wetu wamevishwa. Mimea ilikuwa na maana kabla ya kuwa na bei.

Bei ilikuja baadaye. Kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai. Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, na mwaka 1964 KTDA ikaundwa. Bomet ikawa nchi ya wakulima wadogo. Watu walionyimwa chai walipoipata, walipanda hadi ukutani. Siwalaumu. Bonasi ndiyo iliyonilipia karo.

Ndiyo maana shangazi alipoleta mche wa magnolia kutoka Nairobi, kogo, yaani nyanya yangu, aliuzunguka kama anayekagua ndama sokoni.

"Huu unazaa nini?"

"Maua, mama."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Kogo alikuwa na hoja. Vichaka vya chai vikipandwa futi 4 kwa futi 2 na nusu, kila kimoja kinachukua futi 10 za mraba. Magnolia kubwa ikikomaa inaweza kutanda futi 25. Piga hesabu: hiyo ni nafasi ya vichaka karibu 50. Kwenye shamba lisilofika ekari moja, uzuri una gharama, na anayeilipa ana haki ya kuuliza.

Kwa hivyo kuchagua ni muhimu. Magnolia grandiflora, ya kusini mwa Marekani, haipukutishi majani yote na inafaa nyanda zetu. Ukiwa na ploti ndogo, tafuta aina yake iitwayo Little Gem, ambayo ni nyembamba na huchanua mapema. Magnolia figo ya Uchina ni kichaka tu, maua yake yananukia kama ndizi mbivu, na ukiikata inakuwa ua la boma. Zile za waridi zinazojaa Instagram, zinazochanua kabla ya majani, zimezoea majira ya baridi ya Ulaya. Hapa usizitegemee sana.

Usinunue mche wa mbegu kama huna subira, maana unaweza kungoja miaka kumi au zaidi. Uliobebeshwa huchanua baada ya miaka michache. Panda mvua ndefu ikianza, mbali na mikaratusi, mahali upepo na mvua ya mawe havitaupiga sana. Tandaza majani makavu shinani na usilime hapo kwa jembe, kwani mizizi yake ni minene, iko juu juu na haipendi kuumizwa. Chagua mahali mara moja tu. Magnolia kubwa haipendi kuhamishwa.

Wa shangazi ulipandwa pembeni, upande ambao kivuli chake hakifiki kwenye chai. Hayo yalikuwa masharti ya kogo. Ulichanua mwaka wa nne. Petali zake ukizigusa zinageuka kahawia, kwa hivyo kogo aliwakataza wajukuu kuzigusa, na akaanza kuwaambia wageni kwamba ule mti ni wake.

Katiba ya 2010 iliwapunguzia wageni muda wa kumiliki ardhi hadi miaka 99. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Ardhi yenyewe bado inadaiwa, na wapo Watalai wasio na hata pa kuchimba shimo moja. Sisi tuna pembe moja ya shamba yenye hati ya jina letu, na ndani yake kuna mti ambao hakuna anayeuchuma.