Zana za utunzaji: kufagia kanzidata ya afya, Kasongo hadi Kabambare

Kila mfumo mkubwa wa kanzidata huja na zana zake ndani: za kuchukua nakala, za kupima mwendo wa maswali, za kujenga faharasa upya, za kuondoa takataka. Waliosoma kwa Kiingereza huziita yutiliti. Wenzao wa Kongo, waliosoma kwa Kifaransa, huziita utilitaire. Katika Kiswahili wako wanaoandika "programu tumizi", lakini jina hilo limeshachukuliwa na programu za kila siku za kuandikia barua na kupigia hesabu. Mimi naandika "zana za utunzaji", kwa kuwa kazi yake ni hiyo hasa: kuitunza kanzidata iliyokwisha kujaa na ambayo watu wanaitumia saa hii hii. Anayezishika awe mzoefu, maana baadhi yake zikishapita hazirudi.

Mfano wangu unatoka kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo. Teritwari ya Kasongo ina zoni tatu za afya: Kasongo, Kunda na Samba. Ya Kabambare ina Kabambare, Lusangi na Saramabila. Kila mwezi nesi mkuu wa kituo cha afya hujaza rapoti yake kwa kalamu, wagonjwa wangapi wa malaria, watoto wangapi waliochanjwa, wazazi wangapi waliojifungua, kisha karatasi hiyo inasafirishwa hadi biro kuu ya zoni. Hapo ndipo tarakimu zinapoingizwa katika DHIS2, mfumo ambao serikali ya Kongo imeuchagua kwa takwimu zake za afya, kama walivyofanya Kenya na Tanzania. DHIS2 inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na chini yake inakaa PostgreSQL, kanzidata iliyozaliwa Berkeley, Marekani, mwaka 1986 kwa jina la POSTGRES.

Kasongo si mgeni katika mambo ya takwimu za afya. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, timu iliyofanya kazi pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp iliendesha hapa mradi wa kujaribu namna ya kupanga vituo vya afya na hospitali yao kama kitu kimoja. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha hesabu zao kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35, hesabu zilizozusha mjadala mrefu miongoni mwa wataalamu duniani. Nchi nzima ilipogawanywa katika zoni 306 za afya katika miaka ya 1980, fikra za Kasongo zilikuwamo ndani ya mpango huo. Leo zoni ni 519. Yote hayo yalitoka kwenye kadi na madaftari yaliyojazwa kwa mkono na watu waliojua kwamba mtoto asiyeandikwa hawezi kuhesabiwa.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Zana ya PostgreSQL inayosumbua wafasiri kuliko zote ni amri ya VACUUM. Mwalimu wa fizikia ana neno lake tayari, ombwe, yaani nafasi isiyo na kitu, hata hewa. Mfasiri anayefungua kamusi na kuandika "ombwe" amempeleka msomaji mbali na kazi yenyewe, maana amri hii haitengenezi nafasi isiyo na hewa wala haifyonzi kitu. Inafagia. Ili kuona kwa nini neno hilo linakaa sawasawa, tazama kinachotokea nesi wa kituo fulani anapopiga simu biro kuu kusema kwamba kesi za malaria si 17 bali ni 71. Karani anasahihisha kwenye skrini. PostgreSQL haifuti ile 17. Inaandika mstari mpya wenye 71 na kuuacha ule wa zamani palepale, ili mtu wa Kindu, makao makuu ya mkoa, ambaye muda huo huo anatoa jumla ya mkoa amalize kusoma picha moja isiyobadilika katikati. Yeye akishamaliza, na wengine walioanza kusoma kabla ya masahihisho wakishamaliza, ule mstari wa 17 hauna tena wa kuusoma. Huo ndio mstari mfu.

Masahihisho ya mwezi mmoja katika zoni moja ni machache. Ya zoni 519, kwa miaka, ni milima. Mistari mifu inashika diski, na kila swali linalopita juu ya jedwali inabidi liiruke. Msimamizi anaweza kuona makadirio yake: akisoma mwonekano wa ndani uitwao pg_stat_user_tables atakuta safu ya n_live_tup, mistari hai, kando yake n_dead_tup, mistari mifu, na mbele kidogo tarehe na saa ambayo jedwali lilifagiwa mara ya mwisho. Jedwali la kuangaliwa kwanza katika DHIS2 ni datavalue, ambamo kila tarakimu ya kila kituo ina mstari wake.

PostgreSQL ina mfagiaji wake anayejiendesha, na tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 amekuwa akija akiwa amewashwa tayari. Neno "mfagiaji" nalipenda hapa, kwa sababu kweli ni mchakato unaoamka, kuzunguka majedwali, na kulala tena. Ila ana desturi ambayo msimamizi lazima aijue: huingia jedwalini mistari mifu inapozidi 50 pamoja na asilimia 20 ya mistari yote. Kwa jedwali dogo ni sawa. Kwa jedwali la mistari milioni 100, anasubiri hadi mifu ifike milioni 20. Kiwango hicho kinaweza kushushwa kwa jedwali moja tu bila kugusa mengine, na kwa datavalue kinastahili kushushwa. Mfagiaji huyo asizimwe kamwe, hata pale anapoonekana kupunguza mwendo wa kazi. Mbali na takataka, yeye ndiye anayegandisha mistari mikongwe. Namba ambazo PostgreSQL huzipa miamala zina kikomo, kama bilioni 4, nazo huzunguka. Asipogandisha kwa wakati, seva hufika mahali ikakataa kuandika chochote.

Kuna na VACUUM FULL, ndugu yake kwa jina tu. Ile ya kawaida huziacha nafasi zilizofagiwa ndani ya jedwali zitumike tena, na watu wanaendelea kuingiza data zao. Hii ya pili hunakili jedwali zima mahali papya, inahitaji diski ya ziada, na mpaka imalize hakuna anayeweza kuandika wala kusoma humo. Kwa hiyo sikubali "kufagia kikamilifu". Naandika "kujenga jedwali upya", ili anayefuata mwongozo wangu asiianzishe asubuhi ya wiki ambayo zoni zote zinaingiza rapoti.

Juu ya PostgreSQL, DHIS2 yenyewe ina ukurasa wa utunzaji wenye visanduku vya kuweka alama na kitufe kimoja chini. Kisanduku kimoja huondoa moja kwa moja tarakimu zilizofutwa. Kumbe karani anapofuta tarakimu, DHIS2 huiwekea alama tu na kuificha. Hapo tunahitaji majina mawili, "kufuta kwa alama" na "kufuta kabisa", na mwongozo uyatenge kila mara.

Kisanduku kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile cha kuondoa sifuri. Hoja yake ni ya hesabu: sifuri haiongezi kitu katika jumla, kwa hiyo kuziondoa kunapunguza mistari na kuharakisha kazi. Tarakimu zinazotafutiwa wastani zinaachwa, kwa kuwa huko sifuri ina uzito, na zile ambazo mwenye mfumo ametangaza kwamba sifuri zake zihifadhiwe nazo zinabaki. Zilizosalia zinaondoka.

Chukua sasa kituo cha upande wa mji wa Salamabila, katika zoni ya Saramabila, ambako barabara ni mbovu na bunduki zimelia mara nyingi. Nesi anaandika: surua, 0. Ametazama daftari lake, ameuliza wahudumu wa vijijini, hakuna mtoto mwenye surua mwezi huu. Kituo cha jirani hakikuleta kitu kwa sababu watu wamekimbia. Ukiondoa sifuri, visanduku vya vituo vyote viwili vinaonekana vile vile. Jumla ya Saramabila haijabadilika hata kwa kesi moja, lakini anayetafuta surua imesimama wapi hajui tena palipo salama na palipo kimya. Ni kweli kwamba DHIS2 huweka mahali pengine alama ya kuwa fomu imekamilika, lakini alama hiyo ni ya fomu nzima, haisemi nesi alijibu swali la surua au alilipita. Nchi ambayo mlipuko wa surua ulioanza 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 haiwezi kulichukulia jambo hili kuwa la mafundi peke yao.

Hata istilahi zinasaidia kuharibu. Mahali pasipo na thamani, miongozo mingine ya Kiswahili huandika "batili". Batili ni kitu kilichotanguka, kama mkataba au ndoa. Kisanduku ambacho kalamu haikukigusa hakijatanguka. Kuandika "tupu" nako hakutoshi, kwa kuwa kwa kompyuta hata neno lisilo na herufi ni tupu, na hicho ni kitu kingine. Mimi naandika "haijajazwa", na karani wa Kabambare atalielewa bila kufundishwa, kwa sababu ndivyo mwenyewe anavyoisema karatasi iliyoletwa na nafasi wazi.

Kabla ya kugusa kisanduku chochote, nakala. Zana yake ni pg_dump, ambayo huchukua picha moja ya kanzidata bila kuwazuia wanaofanya kazi. Majedwali ambayo jina lake linaanza na analytics, pamoja na yale yanayoanza na alama ya mstari wa chini (_), yaachwe nje: DHIS2 huyajenga yenyewe kutoka kwenye data ya msingi, na bila hayo faili hupungua sana, jambo kubwa pale intaneti inapokatika kila saa. Watumiaji wa seva hawaingii katika nakala hiyo, wachukuliwe peke yao kwa pg_dumpall. Kisha irejeshwe kwenye mashine nyingine, na zihesabiwe humo sifuri za surua za Kabambare, Lusangi na Saramabila, kituo kwa kituo, kabla ya kubonyeza kitufe kwenye seva inayofanya kazi.