Umri wa Mawe ya Panga ya Saidi

Mwanafunzi akishika jiwe la kale lililochongwa kwa mkono wa mtu, swali lake la kwanza ni hili: lina miaka mingapi? Jiwe lenyewe halisemi. Mwamba ulikuwako zamani kabla ya fundi kuzaliwa; nasi tutakacho kujua ni siku jiwe lilipoachwa chini likafunikwa. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza udongo.

Tulitazame pango la Panga ya Saidi, katika vilima vya Kilifi nchini Kenya, yapata kilometa 15 kutoka baharini. Wataalamu walianza kuchimba humo mwaka 2010. Udongo wake umelala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyorundikwa, na mkeka wa chini ndio uliotandikwa kwanza. Katika tabaka za chini mawe yaliyochongwa ni makubwa kidogo. Tangu miaka 67,000 hivi iliyopita vyaonekana vijiwe vidogo zaidi, wala ile kazi ya zamani haikukoma mara moja.

Miaka hiyo yahesabiwaje? Mkaa wa mekoni husaidia, maana mti ukiisha kufa, kaboni ya namna moja iliyomo ndani yake hupungua nusu kila miaka 5,730 hivi. Lakini ikipita miaka 50,000, iliyosalia ni haba mno, haipimiki vema.

Ndipo huulizwa mchanga. Chembe iliyofunikwa gizani hupokea polepole nguvu itokayo katika udongo ulioizunguka, ikaiweka akiba, kama mtungi upokeao matone. Mwanga wa jua huumwaga mtungi huo. Basi mchanga hutolewa pasipo kuonyeshwa jua, hupelekwa katika chumba cha giza na kumulikwa kwa taa maalumu. Nao hutoa nuru hafifu iliyo kipimo cha akiba yake. Igawanye akiba kwa kiasi kiingiacho kila mwaka, utapata miaka. Kugawanya ni kazi ya mtoto wa shule. Kuuchukua mchanga bila kuuharibu ndiyo kazi ya bingwa.

Mwaka 2017, yapata mita 3 chini, lilifunuliwa kaburi la mtoto wa miaka miwili u nusu au mitatu. Hapo ilitakiwa hadhari, kwani kaburi huchimbwa, nalo hupenya udongo ulio wa kale kuliko maiti. Anayempima maiti kwa udongo wa kando ya shimo humzidishia umri. Wachimbaji walitambua kwamba udongo uliojaza shimo haukuwa sawa na ule wa kando. Hesabu ikatoa miaka 78,000 hivi, nayo ikatangazwa mwaka 2021. Na mawe yaliyokutwa pamoja naye ni ya ile namna ya zamani.

Wataalamu walimwita Mtoto. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kwa jinsi kichwa kilivyoinama wanadhani kiliwekewa mto wa kitu laini, kilichooza zamani.