Hedifoni za kuzima kelele katika safari za ndege (Simiyu)

Hedifoni za kuzima kelele ni zile ambazo, mbali na kupiga muziki, hunasa mngurumo wa nje kwa maikrofoni ndogo na papo hapo kutoa sikioni wimbi la sauti lililo kinyume chake, mawimbi hayo mawili yakauana. Zisizo na waya hupokea sauti ya simu kwa Bluetooth na hutumia betri iliyo ndani yake. Kwa msafiri wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega, manufaa yake hutegemea zaidi aina ya ndege anayopanda kuliko bei aliyolipa dukani.

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na abiria wake wengi hupandia ndege Mwanza. Gari likitoka Bariadi hupita lami ya kilomita 72 hivi hadi Lamadi, kisha hushika barabara kuu ya Musoma na Mwanza kupitia Magu. Sehemu hii ya safari ina kelele za kila aina: honi, redio ya dereva, mabishano ya Simba na Yanga, mtoto anayelia kiti cha nyuma. Hapo hedifoni hizi hazifui dafu. Hupunguza muungurumo wa injini ya basi, lakini maneno ya watu hupenya. Anayeshuka Lamadi na kuvuka barabara azivue kabisa, maana bodaboda haisubiri mtu amalize wimbo.

Mambo hubadilika ndani ya ndege ya pangaboi. Air Tanzania ilianza kupokea Dash 8 Q400 mwaka 2016, na Precision Air kwa miaka mingi imetumia ATR. Pangaboi la Q400 lina mapanga 6, na ndege ikishatulia angani huzunguka mara 850 hivi kwa dakika. Hesabu yake ni rahisi: mapigo 85 ya hewa kila sekunde, yaani sauti nzito ya hertzi 85. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 4 hivi na hujirudia bila kubadilika, kwa hiyo saketi hupata nafasi ya kutengeneza kinyume chake kwa usahihi. Sauti nyembamba ina mawimbi ya sentimita chache tu, na kosa dogo la muda huharibu kazi yote. Ndiyo maana kifaa hufanya vizuri chini ya hertzi 1,000, na juu ya hapo kazi hubaki kwa sponji inayoziba sikio.

Q400 yenyewe hutumia ujanja huohuo. Herufi Q katika jina lake husimama badala ya ukimya: tangu 1996 ndege za ukoo huo zimefungwa mfumo unaopambana na mtetemo na kelele za mapangaboi ndani ya kabati. Hata hivyo, viti vilivyo usawa wa mapanga hubaki na kelele zaidi kuliko vya nyuma, na anayechagua kiti vizuri huenda asihitaji kununua chochote. Kwenye ndege ya jeti kama Airbus A220 mambo ni kinyume: injini za ndege hiyo zimefungwa chini ya mabawa, na anayetaka utulivu hukaa mbele. Kelele yake kubwa ni mvumo wa hewa unaotanda kwenye masafa mengi, hivyo hedifoni huupunguza bila kuumaliza.

Wazo la kuzima kelele kwa wimbi la kinyume ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936, wakati ambapo vifaa vya kulitekeleza havikuwapo. Mwaka 1978 Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, akiwa kwenye ndege kutoka Zürich kwenda Boston, alikerwa na visikilizio vya ndege na kuanza kupiga hesabu zake hukohuko angani. Kampuni yake iliwauzia marubani hedifoni hizo kwanza, mwaka 1989. Abiria wa kawaida walisubiri hadi 2000.

Faida ambayo haitajwi sana ni ya kiafya. Ngurumo ikipungua, msikilizaji hana sababu ya kupandisha muziki ili uishinde. Lakini kifaa hakizibui masikio ndege inaposhuka. Hiyo ni kazi ya kumeza mate au kutafuna. Pia hakipaswi kuvaliwa wakati wahudumu wanapoeleza milango ya dharura.

Simu ikiwa katika hali ya ndegeni, Bluetooth huweza kuwashwa tena pale shirika linaporuhusu. Betri ya hedifoni ni ndogo sana kuliko kikomo cha saa-wati 100 kinachotumika kwa betri za abiria, ila ni ya lithiamu: Februari 2017, kwenye ndege kutoka Beijing kwenda Melbourne, hedifoni za abiria aliyelala zililipuka na kumbabua uso. Betri iliyovimba isisafirishwe, na pawabenki ikae kwenye begi la mkononi.

Anayevaa miwani, kilemba au hijabu nene atapata ukimya pungufu, kwa sababu hewa hupenya kwenye mwanya. Vidude vya kuingiza ndani ya sikio humfaa zaidi. Kwa mnunuzi, maandishi ya kwenye boksi si ushahidi. Mashine ya kusaga nafaka, ambayo haikosekani mjini Bariadi, ni kipimo kizuri: simama nje yake, vaa hedifoni bila muziki, kisha washa na kuzima swichi. Mngurumo usipobadilika, umeuziwa sponji.

Kati ya Mwanza na Dar es Salaam safari ni ya saa moja na nusu hadi mbili, na mwenye usingizi mzuri anaweza kuimaliza bila kifaa. Wanaokwenda Guangzhou kufuata bidhaa au Mumbai kutibiwa wana sababu kubwa zaidi. Hao wabebe na waya: skrini nyingi za kwenye viti hazina Bluetooth, hupokea pini tu, na baadhi hudai pini mbili.