Masikio ya Popo na Mtihani wa Ekografi ya Watoto

Anayetaka cheti cha ekografi ya watoto katika Marekani ana mitihani miwili mbele yake. Wa kwanza ni juu ya sauti na mashini yake, wa pili juu ya mwili wa mtoto. Wengi huogopa ule wa kwanza, wakiuliza: Hesabu za mawimbi zanifaa nini? Mimi nataka kumpima mtoto mgonjwa. Wasomaji wapenzi, ni swali la haki. Tulijibu kwa kutazama jambo hili lilianza wapi.

Lilianza kwa padri mmoja Mwitaliano, Lazzaro Spallanzani, mwalimu wa elimu ya viumbe mjini Pavia. Mwaka 1793 aliona kwamba bundi akiwa gizani kabisa hujigonga, lakini popo hupita salama. Akawapofusha popo, nao wakaruka vilevile. (Maskini popo!) Halafu Louis Jurine wa Geneva akawaziba masikio, na mara wakaanza kujigonga. Kumbe popo huona kwa masikio! Wataalamu wakubwa hawakukubali. Ilipita zaidi ya miaka 140, hata mwaka 1938 Donald Griffin na George Pierce, katika Marekani, wakanasa kwa chombo sauti za popo, nyembamba mno kwa sikio la mtu. Popo hutoa sauti, kisha husikiliza mwangwi wake.

Wakati huo watu walikwisha kujua kutengeneza sauti za namna hiyo. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba mawe fulani yakibanwa hutoa umeme. Katika vita vya 1914-1918 Paul Langevin aliyatumia kutafuta nyambizi baharini. Baadaye mafundi wakapima nyufa zilizofichika ndani ya chuma. Mwaka 1953, mjini Lund katika Sweden, mganga Inge Edler na mwenzake Hellmuth Hertz waliazima mashini ya kupima chuma kutoka kiwanda cha meli, wakaona moyo wa mtu unavyopiga. Mwaka 1958 Ian Donald wa Glasgow na wenzake wakatoa picha zilizoonyesha hata kichwa cha mtoto tumboni mwa mama yake.

Njia hii yawafaa watoto kuliko wote. Mwaka 1956 Alice Stewart, mganga wa Uingereza, alionya juu ya kansa kwa watoto ambao mama zao walipigwa mionzi ya X wakiwa na mimba. Sauti haina mionzi hiyo. Tena mtoto mchanga ana utosi laini, nao ni dirisha la kutazamia ubongo wake. Mwaka 1978 Lu-Ann Papile na wenzake katika Marekani walipima watoto 46 waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1,500. Kati yao 20 walikuwa wametokwa damu ndani ya ubongo. Walitumia mashini ya mionzi, lakini madaraja yao manne ya ugonjwa huo yakahamia katika ekografi, na mwanafunzi hana budi kuyajua.

Sasa turudi kwa zile hesabu. Mashini huchukua kwamba sauti hupita mwilini meta 1,540 kwa sekunde. Haipimi kina chenyewe: hupima muda, kisha hukisia kina. Asiyejua hivyo ataamini kila alama ya kioo. Tena sauti nyembamba huonyesha mambo madogo vizuri, lakini haiendi mbali. Mwili wa mtoto ni mdogo, basi sauti nyembamba yatosha, na picha huwa safi. Ndivyo mpimaji awezavyo kupima msuli wa mlango wa chini wa tumbo la chakula kwa mtoto wa majuma machache anayetapika kwa nguvu kila anyonyapo. Msuli ukifika milimeta 3 na zaidi, huenda mtoto akahitaji kupasuliwa.

Nyonga ni gumu zaidi. Mwaka 1980 Reinhard Graf wa Austria alionyesha jinsi ya kuipima kwa sauti, maana kwa mtoto mchanga sehemu kubwa yake bado ni mfupa laini usioonekana katika picha ya mionzi. Pembe ya digrii 60 au zaidi ni ya nyonga iliyokomaa. Lakini chombo kikiinama kidogo mkononi, pembe hubadilika, na mtoto mzima huonekana kilema. Kitoto chenyewe hakiwezi kukana.

Kwa hatari za namna hiyo, mwaka 1975 iliundwa American Registry for Diagnostic Medical Sonography, inayotoa mitihani hii. Kupita kwahitaji alama 555, katika kipimo cha 300 hadi 700. Aliyepita mmoja anayo miaka 5 ya kupita wa pili, na wengi husoma usiku baada ya kazi ya kutwa hospitalini.