Ugonjwa wa Kawasaki na Safari Ndefu ya Kuuhesabu

Januari 1961, mtoto wa kiume wa miaka 4 alilazwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu jijini Tokyo, Japani. Homa yake haikushuka. Macho yalikuwa mekundu bila tongotongo, midomo imekauka hadi kupasuka, ulimi mwekundu wenye vinundu, vipele vimeenea mwilini na tezi ya shingoni imevimba. Penisilini haikufua dafu. Baadaye homa iliondoka yenyewe, ngozi ya ncha za vidole ikababuka, na mtoto akarudishwa nyumbani. Daktari wake, Tomisaku Kawasaki, alikuwa ametibu watoto kwa zaidi ya miaka kumi, lakini kwenye faili alikiri kwamba ugonjwa ule haukujulikana.

Mwaka mmoja baadaye akaletewa mtoto mwingine mwenye dalili zilezile. Hapo ndipo alipoanza kuwaangalia watoto wa homa kwa jicho jingine. Mwaka 1962 aliwaeleza madaktari wenzake habari za wagonjwa saba. Wengi hawakushawishika, waliona ni magonjwa yaliyokwisha kujulikana, ila yamekuja kwa sura isiyo ya kawaida. Kawasaki hakubishana sana. Aliendelea kuandika. Mwaka 1967 alichapisha makala ya kurasa 44 katika jarida la Kijapani la magonjwa ya mzio, akieleza watoto 50, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na kipimo chochote cha maabara cha kuthibitisha ugonjwa wake, na hadi leo hakipo. Alikuwa na macho yake na subira, na ninaamini kwamba bila subira ile dunia ingechelewa miaka mingi.

Hata hivyo, jambo moja zito halikuonekana kwenye kurasa hizo. Kawasaki aliamini kwamba ugonjwa huu hupona bila kuacha athari. Mwanapatholojia Noboru Tanaka alikuwa tayari, mwaka 1965, amechunguza maiti ya mtoto aliyeugua hivyo na kukuta damu imeganda ndani ya mishipa inayolisha moyo. Mwaka 1970 serikali ya Japani iligharamia uchunguzi wa kwanza wa nchi nzima, hospitali zikaulizwa kama zimewaona watoto wa namna hiyo. Pamoja na orodha ya wagonjwa zikaja taarifa za watoto 10 waliokufa ghafla. Mishipa ya mioyo yao ilikuwa imetuna na kuziba. Ugonjwa uliodhaniwa ni wa ngozi na utando laini wa mwili ukafahamika kuwa ni wa mishipa ya damu: kinga ya mwili huzishambulia kuta za ateri, kuta zikavimba, zikalegea, na damu ikaganda pale zilipotuna.

Mwaka 1974 habari hizi zilichapishwa kwa Kiingereza nchini Marekani. Wakati huohuo, huko Honolulu, Hawaii, daktari Marian Melish na wenzake walikuwa wakishughulika na watoto wenye dalili hizohizo bila kujua kwamba Japani tayari imeupa ugonjwa jina.

Je, ulikuwa mpya? Haielekei. Mwaka 1871, daktari Samuel Gee wa London alieleza moyo wa mvulana wa miaka 7 ambao mishipa yake ilikuwa imetuna. Moyo huo ulihifadhiwa, na wataalamu walioutazama upya zaidi ya karne moja baadaye waliona kuwa huenda ndio ugonjwa wa Kawasaki.

Japani imeendelea kuhesabu tangu 1970. Mwaka 2018 waliugua watoto zaidi ya 17,000, takriban 360 kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 5. Marekani ni kama 20 tu. Huko Hawaii, watoto wenye asili ya Kijapani huugua mara nyingi zaidi kuliko majirani zao wenye asili ya Ulaya, jambo linaloelekeza kwenye urithi wa damu. Lakini Japani ilipata milipuko mwaka 1979, 1982 na 1986, na urithi hauwezi kulipuka hivyo. Huenda kuna maambukizi fulani yanayouamsha ugonjwa. Chanzo chenyewe bado hakijajulikana.

Kawasaki si ugonjwa pekee wa uvimbe wa mishipa ya damu kwa watoto. Unaowapata wengi zaidi katika nchi nyingi ni ule uliopewa majina ya Henoch na Schönlein, madaktari Wajerumani wa karne ya 19: madoa ya zambarau miguuni na makalioni, maumivu ya tumbo na ya viungo, wakati mwingine figo kudhurika. Utafiti wa eneo la Birmingham, Uingereza, uliochapishwa 2002, ulikuta watoto kama 20 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Wengi hupona bila matatizo.

Tiba ya Kawasaki ilitoka Japani pia. Mwaka 1984 Kensuke Furusho na wenzake walionyesha kwamba kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji, zikitiwa mwilini kwa dripu, huukinga moyo. Jane Newburger na wenzake wa Marekani wakathibitisha mwaka 1986. Bila tiba, mtoto mmoja kati ya wanne hivi hudhurika mishipa ya moyo. Akitibiwa ndani ya siku kumi za mwanzo, ni karibu mmoja kati ya ishirini.

Aprili 2020, miezi miwili kabla Kawasaki hajafariki akiwa na miaka 95, madaktari wa London walipokea watoto wenye hali iliyofanana na ugonjwa wake, ikifuata maambukizi ya korona. Katika kundi la kwanza la watoto wanane, sita walikuwa na asili ya Afrika na Karibi.

Kwetu Afrika Mashariki, homa ya mtoto hufikiriwa kwanza kuwa malaria, na vipele surua. Uchache wa wagonjwa kwenye rekodi zetu si ushahidi kwamba watoto wetu hawaugui. Mzazi, homa ikipita siku tano, macho na midomo vikawa vyekundu na mikono ikavimba, mrudishe mtoto hospitali na uulize waziwazi kama ni Kawasaki, na kama moyo wake unaweza kupimwa.