Kodi ya zuio kwenye riba ya akiba: je, asiyelipa kodi anaweza kurudishiwa?

Msimu wa kahawa ukiisha, wakulima wengi wa Kanoni na vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa huweka sehemu ya fedha benki kusubiri ada za shule. Riba ikiingia, taarifa ya akaunti huonyesha pia makato. Ndipo swali linapokuja: "Mimi sina duka wala mshahara. Kwa nini nikatwe kodi, na nitarudishiwaje?"

Ni makato gani hayo?

Yanaitwa kodi ya zuio. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaitaka benki ikate asilimia 10 ya riba kabla ya kukulipa, kisha iiwasilishe TRA. Kodi hii inakatwa kwenye riba tu. Fedha uliyoweka haiguswi.

Mfano: umeweka shilingi 1,000,000 kwa mwaka mmoja kwenye akaunti ya muda maalumu, kwa riba ya asilimia 6. Riba ni shilingi 60,000. Benki inakata 6,000, wewe unapata 54,000. Mwisho wa mwaka una shilingi 1,054,000.

Ada ya kuendesha akaunti au ya kutoa fedha ni jambo jingine. Ukiona makato, soma kwanza yameandikwa kwa jina gani.

Kipato changu ni kidogo. Narudishiwa?

Kwa akiba ya mtu binafsi, jibu ni hapana. Ni kweli kwamba mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Vilevile, mfanyakazi mwenye mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mshahara. Lakini misamaha hiyo haigusi riba ya benki. Kwa mkazi wa Tanzania, kodi ya riba ya akiba yake binafsi ni kodi ya zuio ya mwisho. Maana yake, ikishakatwa hesabu imefungwa: hudaiwi zaidi, na hurudishiwi kwa sababu tu kipato chako ni kidogo.

Wenye ndugu Uingereza huenda wamesikia tofauti. Huko, mwenye kipato kidogo anaweza kuomba kurudishiwa kodi iliyokatwa kwenye riba, na tangu Aprili 2016 benki za huko ziliacha kukata kodi hiyo kwenye akiba za kawaida. Utaratibu huo hauko kwetu.

Ni lini basi unaweza kudai?

Kwanza, kama umekatwa kimakosa. Ukikatwa mara mbili kwa riba ileile, au zaidi ya asilimia 10, una haki ya kudai kilichozidi. Kwenye mfano wetu, ukikatwa 7,500 badala ya 6,000, unadai shilingi 1,500.

Pili, kama riba si ya mtu binafsi. Akaunti ya kampuni au ya kikundi, au fedha za biashara, zuio lake si la mwisho. Kodi iliyokatwa huhesabiwa kama sehemu ya kodi iliyokwisha kulipwa mnapojaza ritani. Ikizidi kodi mnayodaiwa, ziada inaweza kuombwa TRA. Viongozi wa vikundi, hili msilipuuze, kwa sababu hizo ni fedha za wanachama wote.

Hatua za kufuata

1. Omba benki taarifa ya akaunti inayoonyesha riba na kodi iliyokatwa.
2. Gawanya riba kwa 10. Jibu lilingane na kodi uliyokatwa.
3. Kama halilingani, andika barua kwa meneja wa tawi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
4. Omba cheti cha kodi ya zuio. Ndicho kinachothibitisha kwamba kodi ilikatwa kwa jina lako au la kikundi.
5. Kama fedha imeshapelekwa TRA, nenda ofisi ya TRA na cheti, taarifa ya akaunti, kitambulisho na TIN. TIN hutolewa bure.

Jihadhari

Mtu akikupigia simu akisema "kodi yako ya riba imerudi, tuma elfu kumi ya kushughulikia," usitume. Usimpe namba ya siri wala namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako. Madai ya kweli hufanywa kwa maandishi, kupitia benki au TRA.

Kabla ya kufunga fedha kwa muda maalumu, muulize mhudumu swali moja: "Baada ya kodi na ada zote, nitapokea shilingi ngapi mkononi?" Mwombe akuandikie kiasi hicho, kisha linganisha na benki nyingine.